Mtoto wa Pili kati ya Watano: Maisha ya Dkt. Thadei Yohanes Nyoni, 1958–2025

Tumsifu Yesu Kristo. Na wenzetu Waislamu mliotoka mjini, na mliotoka mbali zaidi ya mjini, asalaam aleikum. Baba Paroko, wazee wa ukoo, viongozi wa kijiji, walimu na wanafunzi wa marehemu, majirani wa Mshangano na ndugu zetu wote wa hapa Mpitimbi, mimi ni Lidwina Yohanes Nyoni, mwalimu mstaafu, mdogo wake marehemu anayemfuata, na karatasi hii ninayoisoma sikupewa na kikao cha ukoo, nilipewa na marehemu mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na akili zake zote na kalamu yake nyekundu mfukoni.

Dkt. Thadei Yohanes Nyoni alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1958, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Thadei, hapa hapa Mpitimbi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu mzee Yohanes Nyoni, na wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu mama yetu Agata. Nimesikia mguno, na naomba mniruhusu niendelee, maana sijakosea kusoma, miwani ninayo, na mwandiko wa kaka yangu naufahamu tangu alipokuwa akiniandikia barua nikiwa bweni. Mtoto wa kwanza wa mzee Yohanes ni Mwanaheri, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1955, siku na mwezi hatuvijui, akafuata Thadei, nikafuata mimi, kisha Valence ambaye ametangulia mbele ya haki, na kitinda mimba wetu Suzana. Marehemu aliagiza sentensi hiyo isomwe mwanzoni, isomwe kwa sauti ile ile ya sentensi nyingine, isiachwe hadi mwishoni pale watu wanapoanza kutafuta viatu vyao, na sababu ya kuagiza hivyo mtaielewa kadiri tunavyokwenda.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza hapa Mpitimbi mwaka 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972, na waliosoma naye, ambao nawaona wawili watatu hapa mbele na mvi zao, watakumbuka kwamba alikuwa mdogo wa umbo na mbishi kupita umbo lake, mwalimu akikosea hesabu ubaoni yeye ndiye wa kunyoosha mkono, na kwa hilo alichapwa mara nyingi, kwa sababu zamani hizo mwalimu alikuwa hakosei. Nami katika miaka yangu thelathini na mitatu ya ualimu nimewachapa watoto wa aina yake, Mungu anisamehe. Mwaka 1973 alichaguliwa kujiunga na Sekondari ya Wavulana Songea, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha mwaka 1978 akaenda Dar es Salaam kusomea uhasibu, akahitimu stashahada ya juu mwaka 1981, na mtihani wa bodi ya wahasibu akaufaulu mwaka 1986 baada ya kuanguka mara mbili, jambo ambalo familia nyingi zingeliruka, ila yeye ameandika hapa "mara mbili" na kulipigia mstari.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Leticia Kapinga, binti wa Peramiho, siku ya Jumamosi tarehe 21 Septemba 1985, katika kanisa letu hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Calvin aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye ni fundi umeme Makambako, na Skolastika aliyezaliwa mwaka 1991, muuguzi Mbeya, na wajukuu watano ambao babu yao aliwafundisha kusoma gazeti kwa kuanzia ukurasa wa mwisho. Wifi yangu Leticia aliishi na mtu huyu miaka thelathini na tisa na miezi tisa, akamvumilia na makaratasi yake yaliyojaa hadi chini ya kitanda, na mara moja tu ndipo nilipomsikia akilalamika, siku alipokuta taarifa ya mwaka ya kampuni moja ya saruji imewekwa juu ya sufuria la maharage kama kifuniko.

Katika kazi, alianza mwaka 1981 kama mhasibu msaidizi kwenye ofisi za ushirika wa mazao hapa Songea, akapanda hadi kuwa mhasibu mwandamizi, akafanya kazi huko miaka ishirini na mmoja. Ndani ya miaka hiyo ndipo lilipotokea jambo lililogeuza maisha yake yote yaliyofuata, na karatasi hii inaniagiza nilisome pole pole.

Baba yetu mzee Yohanes alifariki tarehe 10 Agosti 1999, na wiki moja kabla hajafumba macho alimwita Thadei peke yake, akamwambia kwamba kabla hajamwoa mama aliwahi kufanya kibarua cha barabara kule Tunduru, akaishi na mwanamke wa Kiyao, wakapata mtoto wa kike, kisha kibarua kikaisha na yeye akarudi Mpitimbi, hakurudi tena kule. "Anaitwa Mwanaheri," alimwambia, "ni mkubwa wako, nikifa umwite." Thadei akaitikia. Baba alipofariki, Thadei ndiye aliyeandika tangazo la redio, na wenye umri wangu mnakumbuka matangazo yale ya vifo, jioni watu wote kimya tukisikiliza majina, na katika orodha ya wale ambao habari ziwafikie popote walipo, akaweka Mwanaheri Yohanes wa Tunduru.

Habari zilimfikia. Siku ya Alhamisi tarehe 12 Agosti 1999, Mwanaheri alishuka kwenye lori la mfanyabiashara wa korosho aitwaye Abasi, amejaa vumbi kuanzia kope hadi vidole vya miguu, akiwa na mkeka aliousuka mwenyewe ameukunja begani, akauliza msiba wa baba yake uko wapi, akaonyeshwa, akaja akakaa na akina mama nyuma ya nyumba, hakuna aliyemuuliza jina, na mimi nilipita mbele yake mara mbili nikiwa nimebeba sinia la ugali, wala sikumsalimia.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo kikao cha ukoo kilikuwa kimekaa nyumbani kwa baba mdogo Kajetani kuipitia historia ya marehemu, Thadei akiwa amekwisha kuiandika, na ndani yake ameandika watoto watano. Wazee wakasema hapana. Wakasema mzee alikuwa mwenyekiti wa walei wa parokia, Paroko yuko hapo, mjane yuko hapo, mambo ya ujana hayasomwi kaburini, akaandikwe mahali pengine siku nyingine. Baba mdogo, shikamoo, najua unanitazama, na jana alasiri umeniambia maneno yale yale, lakini nitasema ukweli pia kwamba siku ile hukuwa peke yako, tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya chumba, nami nikiwa mmoja wao, na sikufungua mdomo. Thadei akachukua kalamu, akafuta. Saa tisa alasiri akasimama hapa niliposimama mimi, mhasibu aliyetoka mjini na suti yake, akasoma kwamba mzee Yohanes Nyoni ameacha mjane na watoto wanne, wa kwanza akiwa yeye msomaji.

Mwanaheri alikuwa amesimama pale karibu na uzio wa matete. Alisikia majina manne. Akasubiri kidogo, Thadei alituambia baadaye kwamba alimwona akisubiri, kama mtu anayedhani kuna ukurasa wa pili, kisha akafunika kichwa chake vizuri, akatoka, hakutupa udongo, na mkeka wake akauacha pale alipokuwa amekaa.

Kaka yangu hakuwahi kumsahau. Aliomba likizo akaenda Tunduru mwaka 2000, akaambiwa dada yake ameolewa na amehama, hakuna aliyetaka kumwambia wapi, akaenda tena mwaka 2006, akarudi na vumbi tu. Ule mkeka aliubeba hadi nyumbani kwake Mshangano, hakuna aliyeruhusiwa kuukalia, na kila Agosti alimwomba Leticia autoe juani, yeye akakaa kwenye kibaraza akiutazama hadi jua lipungue, kisha akaukunja mwenyewe. Mara moja nilimkuta hivyo, nikamtania kwamba mkeka una maua gani hadi utazamwe siku nzima, akanijibu kwamba yule dada alisuka siku ngapi, na sisi tulimfuta kwa dakika moja, na mimi nikacheka, nikaingia ndani kumsalimia wifi.

Mwaka 2003 marehemu aliacha ushirika, akaajiriwa kama mhasibu mkuu wa kampuni moja ya mashamba ya miti upande wa Madaba, ambayo yeye mwenyewe ameagiza isitajwe jina. Kazi ile ina jambo lake ambalo alikuwa akilieleza kwa furaha hata kwa mtu asiyeuliza, kwamba katika kampuni ya namna hiyo mti huhesabiwa ukiwa bado umesimama, kila mwaka thamani yake hukadiriwa upya kwa umri na ukubwa wake, kwa hiyo mti ukirefuka na faida inarefuka nao, kwenye karatasi, kabla hata shoka halijaguswa. Oktoba 2006 moto uliunguza kitalu kizima cha miti ya miaka kumi, miche mipya ikapandwa, lakini rejista ya ofisini ilibaki inasema miaka kumi, mwaka uliofuata ikasema kumi na mmoja, wakaguzi wakasoma rejista, marehemu akasoma rejista, akatia sahihi. Juni 2008 akapita huko kwa pikipiki na bwana miti, akashuka kutafuta ile miti ya thamani, akakuta miche inayomfikia magotini.

Alirudi ofisini siku hiyo hiyo akasema nimekosea, na kwa haki lazima isemwe kwamba kampuni haikukataa, ilirekebisha hesabu za mwaka uliopita kama kanuni za uhasibu zinavyotaka, ila sahihisho lenyewe likawekwa ukurasa wa sitini na moja, kwa herufi ndogo, katika maelezo namba thelathini na nne, wakati barua ya mwenyekiti wa bodi ukurasa wa pili ilizungumzia mwaka wa mafanikio. Kwenye mkutano mkuu wanahisa walipiga makofi. Thadei naye alipiga. Aliporudi nyumbani alimwambia Leticia, "Leo nimefanya tena kile nilichofanya Mpitimbi," na Leticia anasema hakula.

Mwaka 2010 aliacha kazi yenye gari na nyumba, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, akarudi shule. Sisi tulimwona amerukwa na akili, na niliyesema hivyo kwa sauti kubwa zaidi ni mimi. Alisoma shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu, Dar es Salaam, akikaa chumba kimoja na vijana wa rika la Calvin, na alichokuwa akitafiti ni kitu kimoja tu, kampuni ikigundua kwamba taarifa yake ya fedha ya mwaka uliopita ilikuwa na kosa, sahihisho inaliweka wapi. Alikusanya taarifa za kampuni thelathini, za miaka minane kila moja, taarifa mia mbili na arobaini, akazisoma zote kuanzia nyuma, kwa sababu alisema mbele kuna picha za watu wanaocheka na nyuma ndiko kuna habari. Katika hizo zote alikuta masahihisho ishirini na matatu, na yaliyotajwa kwenye kurasa za mwanzo, pale ambapo kosa lenyewe lilikuwa limetangazwa kama ushindi, yalikuwa mawili tu.

Wataalamu wenzake waliokuja leo watanisahihisha nikikosea, lakini alivyonieleza mimi mwalimu wa darasa la nne ni kwamba sahihisho haliwi sahihisho kwa sababu limeandikwa, linakuwa sahihisho pale linaposomwa na wale wale waliolisoma kosa, mahali pale pale, kwa sauti ile ile. Alitaka pia kuthibitisha jambo la pili, kwamba kampuni inayokiri waziwazi hurudishiwa imani na watu wake, na hapo ndipo alipokwama, kwa kuwa mifano miwili haithibitishi kitu, akaandika hivyo kwa uaminifu, kwamba ushahidi hautoshi, kisha akaongeza sentensi moja, kwamba hata hivyo mtafiti anatamani iwe hivyo. Msimamizi wake akaifuta, akamwandikia pembeni kwamba kutamani si utafiti. Alitunukiwa shahada yake ya uzamivu mwezi Novemba 2017, akiwa na miaka hamsini na tisa, nasi tukampokea kwa ngoma, na wiki iliyofuata majirani watatu wa Mshangano walikwenda kwake kutafuta dawa ya mgongo, kwa sababu wamesikia mzee Nyoni sasa ni daktari, na mmoja wao, ambaye marehemu alimpa chai ya tangawizi, alirudi siku ya tatu kushukuru.

Kuanzia mwaka 2018 hadi 2023 alifundisha katika chuo kimoja mjini Songea, na wanafunzi wake waliojaa pale upande wa kushoto wanajua alivyokuwa akilalamikia taarifa za siku hizi, kwamba zimenenepa hadi kurasa mia mbili, zina hali ya hewa, zina misitu, zina watoto wa shule wamevaa sweta mpya, mambo mazuri yote, na kwamba kadiri taarifa inavyonenepa ndivyo kosa linavyopata pa kulala. Hata misibani alikuwa hivyo, akisikiliza historia ya marehemu alikuwa akihesabu miaka kwa vidole, na ikiruka mitano alikuwa akinitazama, mpaka watu wa Mshangano wakawa wakimwona anafika wanamnong'oneza msomaji asome vizuri.

Desemba 2018 alikwenda Tunduru mara ya tatu, na safari hii alimkuta mzee Abasi, yule wa lori, macho yameshapungua nuru, lakini kumbukumbu ni ya jana. Abasi alikubali kufikisha ujumbe, ila si kumwonyesha nyumba. Baada ya siku mbili akamletea jibu la Mwanaheri, maneno machache, ambayo kaka yangu aliyaandika nyuma ya tiketi ya basi na tiketi hiyo imebandikwa kwenye karatasi hii, nayasoma kama yalivyo: "Mwambieni aliyenifuta mbele za watu asije kuniandika uani." Thadei alinipigia simu akiwa stendi ya Tunduru, nikadhani analia kwa kukataliwa, kumbe alikuwa anacheka na kulia pamoja, akisema miaka saba mimi nimesoma, nimeandika kurasa mia tatu na kumi, na dada yangu hajaingia darasa lolote na amelisema lote kwa sentensi moja.

Tangu siku hiyo alijua anachotakiwa kufanya, kusimama mbele ya watu wale wale, mahali pale pale, na watu hao hawakusanyiki kwa kitu kingine isipokuwa msiba. Mama yetu Agata alifariki Februari 2020, tukamzika hapa Jumatano tarehe 12, na Thadei aliandaa historia yake, akaweka ndani ya historia hiyo aya moja ya kumtaja Mwanaheri. Ndugu zangu, kosa la mwaka 1999 lilikuwa lake na la wazee, lakini la 2020 ni langu. Nilimnyang'anya karatasi. Nilimwambia usimwaibishe mama akiwa hajaingia hata kaburini, mama alimezea jambo hili miaka yote, mwache alale, nikasimama nikasoma mimi, na ile aya nikairuka kwa kugeuza ukurasa haraka. Hakunigombeza. Alinitazama huku akihesabu kwa vidole kama kawaida yake, kisha akasema, "Lidwina, sasa imebaki ya kwangu," na sikuelewa, nilidhani anaongelea zamu ya kusoma.

Kuhusu ugonjwa, mnamo Novemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa hospitali ya mkoa hapa Songea, akapelekwa Dar es Salaam mara nne kwa mionzi, akapata nafuu mwaka 2024, na Februari mwaka huu hali ikarudi nyuma, maumivu yakahamia kwenye mifupa. Alipoona hawezi kukaa muda mrefu alianza kuandika karatasi hii, aliandika kwa miezi mitatu, akiirudia kama alivyokuwa akirudia ripoti, na tarehe 2 Juni akaniita Mshangano, akanipa. Nilimwuliza kwa nini asimpe Calvin, ambaye ndiye mwanawe. Akasema Calvin hajakosea popote, apewe ya nini.

Niliisoma mbele yake nikalia, nikamwomba tuongozane Tunduru kwa gari la kukodi, au tumpigie Mwanaheri simu, tumwombe msamaha kwa sauti yetu, kwa nini tusubiri hadi afe mtu. Akasema anatamani mno, usiku na mchana anatamani kumwona uso hata mara moja asimkumbuke kwa mgongo tu, lakini dada ameshasema uani hataki, na yeye hawezi kumvunjia masharti yake kwa sababu tu anakufa.

Dkt. Thadei Yohanes Nyoni alifariki nyumbani kwake Mshangano siku ya Jumatatu tarehe 16 Juni 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Leticia akiwa amemshika mkono na Skolastika akiwa anamsomea rozari. Siku hiyo hiyo nilikwenda redioni, na tangazo lililosomwa Jumatatu na jana mchana, ambalo baadhi yenu mlilisikia mkaja kuniuliza, lilitaja habari zimfikie Mwanaheri Yohanes wa Tunduru, dada mkubwa wa marehemu, popote alipo. Nilimpigia simu pia mzee Abasi, naye aliniambia, "Nimemfikishia, mwanangu, hakusema anakuja, wala hakusema haji." Jana alasiri ukoo ulikaa, nikaombwa historia ifupishwe, nikasema nitafikiria, na mnaona nilivyofikiria.

Kwa hiyo, kwa niaba ya familia, nasahihisha historia ya marehemu mzee Yohanes Nyoni iliyosomwa mahali hapa tarehe 12 Agosti 1999, na historia ya marehemu mama Agata niliyoisoma mimi tarehe 12 Februari 2020. Mzee Yohanes aliacha watoto watano. Wa kwanza ni Mwanaheri. Aliitwa kwa redio aje amzike baba yake, akaja, na sisi tuliomwita ndio tuliomfuta akiwa amesimama anatusikiliza, si kwa kusahau, kwa makusudi. Na ile sentensi ambayo msimamizi aliifuta nairudisha hapa, maana huu si mtihani, kwamba ushahidi hautoshi kujua kama imani hurudi, ila marehemu alitamani iwe hivyo, na sisi aliotuacha tunatamani pamoja naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa na wa Dar es Salaam kwa huruma na juhudi zao, Baba Paroko kwa mpako mtakatifu, uongozi wa chuo, walimu na wanafunzi waliokuwa wakipokezana kukaa naye na kumsomea taarifa za kampuni alipokuwa hawezi tena kushika kitabu, wahasibu wenzake wa mkoa kwa jeneza na usafiri, majirani wa Mshangano kwa kuni, maji na chai ya tangawizi, na ndugu wa Mpitimbi kwa kuchimba nyumba hii ya mwisho kwenye udongo mgumu wa kipupwe. Namshukuru wifi yangu Leticia kwa kukubali kwamba mkeka mnaouona chini ya jeneza ndio marehemu atakaozikwa nao.

Upande ule wa uzio wa matete nawaona akina mama watatu waliofika wakati nasoma, siwafahamu, na macho yangu siku hizi hayaoni mbali. Dada Mwanaheri, kama u mmoja wao, shikamoo. Salamu hii nilipaswa kukupa nikiwa na sinia mkononi, nimeichelewesha miaka ishirini na sita.

Kaka yangu, hesabu uliyoiacha wazi imesomwa mbele, kwa sauti, hapa hapa, sasa pumzika kwa amani.

Mshereheshaji, chukua kipaza sauti. Shada la ndugu wa marehemu linawekwa kwa utaratibu wa kuzaliwa, na jina la kwanza ni Mwanaheri Yohanes. Liite. Asipotoka mara ya kwanza liite tena, sisi tutasimama tu, jua bado liko juu.